Jina la Herufi Ishirini na Sita

Ting.

Jogoo alikuwa bado hajawika. Juu ya kabati, mfuniko wa bakuli uligonga mara moja, ukanyamaza, kisha ukagonga tena. Ting.

Bibi Mpawenimana hakuwasha tochi. Panya alikuwa anamjua, na bakuli alikuwa analijua zaidi. Lilikuwa bakuli la bati jeupe lenye maua mekundu ubavuni na mfuniko uliolegea, na halikuwa lake. Lilikuwa la Tunu wa Kibondo. Lilifika hapa Nyakitonto, nje ya mji wa Kasulu, mwaka jana likiwa limejaa visheti. Visheti vikaliwa, bakuli likaoshwa na kufutwa, likapandishwa juu ya kabati, na huko likakaa miezi kumi na mmoja.

Sasa, chombo cha mtu hakikai miezi kumi na mmoja. Hukaa siku tatu, hukaa wiki, mvua ikizidi hukaa mwezi. Kisha hurudi kwa mwenyewe kikiwa na kitu ndani, hata kama ni vikombe viwili vya maharage, maana kurudisha chombo kitupu ni kumwambia mwenzako kwamba yenu yamekwisha. Na kutokirudisha kabisa? Hilo hata wazee hawakulitungia msemo, kwa kuwa hawakudhani kuna mtu angefika huko. Mpawenimana alifika.

"Panya wewe," alisema gizani, "umenishinda adabu. Kila alfajiri unabisha hodi kwa Tunu. Mimi hata kubisha sijabisha."

Akaamka, akawasha moto, na maji yalipoanza kuimba alikuwa ameshaamua. Leo ilikuwa Alhamisi. Kesho, Ijumaa, jina lingekwisha.

Jina lenyewe lilianza kwenye semina ya akina mama wajasiriamali, Kasulu mjini, miaka miwili iliyopita. Mtoa mada, kijana mwenye viatu vilivyochongoka, alieleza kwamba siku hizi watu wananunua majina ya mtandaoni. Unachagua jina, unalilipia kila mwaka, unakaa. Akaja mwenye kampuni anayelitaka jina hilo, anakuja kwako na kofia mkononi. Kuna mtu, alisema kijana, aliuza jina moja tu akajenga nyumba.

Wengine walisinzia. Mpawenimana hakusinzia, kwa sababu alikuwa na kidonda cha zamani. Marehemu mumewe, Nsabimana, aliuza kiwanja chao cha kando ya barabara kwa baiskeli na mbuzi mmoja. Baada ya miaka sita lami ikapita palepale. Baiskeli ilikuwa imeshakufa kutu, mbuzi alikuwa ameliwa kwenye ubatizo, na mwenye kiwanja alikuwa na ghorofa. Tangu siku hiyo Mpawenimana aliapa kwamba barabara nyingine ikipita, itamkuta ameshakaa kandoni. Na mtandao, alivyoelewa yeye, ulikuwa barabara.

Tunu alikuwa ameketi pembeni yake. Alitoka Kibondo kuja kwenye semina kwa sababu Mpawenimana alimwalika. Walikubaliana wachange nusu kwa nusu. Jioni ileile wakaingia kwa Shamsi, mwenye steshenari karibu na soko, mtu mpole anayetoa fotokopi na kupiga picha za pasipoti, naye akafungua kompyuta.

"Jina gani, bibi zangu?"

"Asali ya Kasulu," alisema Mpawenimana. Mwanawe Venanti alikuwa na mizinga msituni, na asali ya kwao inajulikana.

Shamsi akaandika. Jina lilikuwepo, halina mtu. Hapo ndipo Mpawenimana alipogeuka akamtazama Tunu, aliyekuwa ameketi kimya na mkoba wake magotini, akaona aibu. Mtu ametoka Kibondo, ametoa nusu ya fedha, halafu jina liitwe Kasulu peke yake?

"Ongeza na Kibondo," alisema.

"Litakuwa refu, bibi."

"Refu lina ubaya gani? Mimi mwenyewe naitwa Mpawenimana, na nimefika umri huu. Na weka 'safi'. Asali isiyosemwa kuwa safi watu hudhani imetiwa sukari."

Shamsi aliandika yote bila nafasi katikati, kwa kuwa mtandao haupendi nafasi: asalisafiyakasulunakibondo. Herufi ishirini na sita. Alihesabu kwa sauti, kisha akauliza kwa upole kama wana uhakika. Tunu alitabasamu tu. Shamsi akaweka ukurasa wenye mstari mmoja, *Jina hili linauzwa*, na chini yake namba zao mbili za simu.

Mwenye kofia mkononi hakuja.

Kila Jumatatu ya soko Mpawenimana alipita kwa Shamsi kulitazama jina lake. "Nifungulie nilione," alisema, kama mtu anayekagua kiwanja asije akakuta kimejengwa. Shamsi alifungua. Hakuwahi kumtoza hata shilingi, na alikuwa akifuta kwanza vumbi kwenye kioo kwa mkono wa shati lake. Bibi alitazama mstari ule mmoja, akaridhika kwamba hakuna aliyevamia, akaondoka.

Mwaka jana ndipo akatokea mtu wa kwanza na wa mwisho. Alikuwa mfanyabiashara aliyekuwa akipita Kasulu, akafika mpaka nyumbani Nyakitonto. Alisoma jina kwenye simu yake, akavuta pumzi katikati, akalimaliza. "Mama," akasema, "lingekuwa la Kasulu tu ningelifikiria." Tunu siku hiyo alikuwa amekuja kutembea, na bakuli la visheti lilikuwa bado mezani. Na Mpawenimana, kwa uchungu wa kumwona mnunuzi akienda zake, akafungua mdomo ambao Mungu alimpa kwa kulia ugali, akasema:

"Umeona? Hiyo Kibondo ndiyo imeliharibu jina."

Tunu aliinuka, akaaga vizuri, akamshukuru kwa chai. Kutoka siku hiyo simu yake ilipungua, ikawa ya sikukuu, na mwishowe hata sikukuu zikapita kimya.

Jumatatu iliyopita Shamsi alikuwa amefuta kioo kama kawaida, lakini hakufungua.

"Bibi, Ijumaa linakwisha. Msipolipia, linarudi."

"Linarudi wapi?"

"Kwa wote. Yeyote anaweza kulichukua."

"Nani atalichukua?"

Shamsi alitazama mashine ya fotokopi. "Mungu ndiye ajuaye," alisema. "Lakini liko kwa majina yenu wawili. Mkubaliane. Kulipia, kuliacha, lolote. Mpigie Bibi Tunu simu."

Ajabu ni kwamba Mpawenimana alipotoka pale hakuwaza habari ya jina. Aliwaza kwamba amepata sababu. Kwa miezi kumi na mmoja alikuwa akitafuta sababu ya kwenda Kibondo isiyoitwa kuomba radhi, na sasa ilikuwa imeletwa na kompyuta.

Bakuli alilijaza asali. Alifikiria maharage, akafikiria karanga, lakini nyuma ya mlango kulikuwa na madumu matano ya Venanti yaliyokuwa yakingoja mchuuzi wa bei mbaya, na mkono ulikwenda huko wenyewe. Mfuniko alioulegeza panya akaufunga kwa kitambaa.

Njiani alilipakata bakuli kama mjukuu. Barabara sasa ni lami, mtu hapati hata muda wa kupanga maneno. Alikuwa na mengi ya kukumbuka. Yeye alivuka mpaka wa Mabamba kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili akiwa mgongoni mwa mama yake, na palepale Mabamba, alipokuwa msichana, ndipo alipojuana na Tunu, wakiuza sokoni ubavu kwa ubavu, huyu kanga, huyu maharage. Siku moja mvua ilishuka ghafla. Tunu akachukua kanga mpya, doti nzima, bado ina gundi ya kiwandani, akaifunika juu ya maharage ya Mpawenimana. Kanga ile ilichujuka rangi, haikuuzika tena. Tunu aliivaa mwenyewe miaka minne na hakuwahi kusema habari yake.

"Na mimi," Mpawenimana aliliambia bakuli, "nikamwambia mji wake umeharibu jina."

Duka la Tunu lilikuwa palepale, mtaa wa nyuma ya soko la Kibondo, na kanga zake mlangoni na vifungo vyake kwenye makopo ya maziwa. Tunu mwenyewe alikuwa kwenye kiti chake, miwani kwenye ncha ya pua, akitunga uzi kwenye sindano. Aliona bakuli kwanza. Kisha akaona aliyelibeba.

"Karibu, Bibi Mpawenimana," alisema.

Hilo lilimchoma. Tangu Mabamba, Tunu hakuwahi kumwita jina lote. Kwake alikuwa Mpawe. Leo alipewa jina kamili, kama ofisini.

"Nimekaribia, Tunu. Habari za siku?"

"Njema. Za Nyakitonto?"

"Njema. Wajukuu?"

"Wazima. Wako?"

"Wazima. Mvua?"

"Ilinyesha. Huko?"

"Nako ilinyesha."

Waliulizana hata habari za ng'ombe, na wote wawili hawakuwa na ng'ombe. Salamu zilipoisha kabisa Mpawenimana akakaa kwenye ukingo wa benchi, bakuli mapajani, maana lilikuwa halijapokelewa.

"Nimekuja kwa habari ya jina," alisema.

"Kwani limepata mtu?"

"Linatafutwa."

Tunu alishusha sindano. "Na nani?"

"Na Ijumaa."

"Ijumaa ndiye nani? Wa hapa?"

"Ijumaa ya kesho, Tunu. Linakwisha kesho."

Mdomo wa Tunu ulicheza kidogo upande mmoja, lakini akauzuia. Alirudia uzi wake. "Basi liache liende," alisema. "Si limeharibika?"

Mpawenimana alifungua mdomo. Maneno aliyoyapanga jikoni tangu alfajiri yalikuwa mazuri, yalikuwa na mwanzo na mwisho, na hakuona hata moja. Na kabla hajapata la kuazima, simu ya Tunu ikalia juu ya meza ya kukatia vitambaa.

Tunu aliitazama namba, akakunja uso, akapokea. "Haloo! ... Ndiyo, mimi ... Kijana, nimeshakuambia, sisi hatuuzi asali. Tunauza jina! ... Jina! ... Haya, kwa heri." Akaitupa simu kwenye vitambaa. "Watu wa ajabu. Sijui nani anawapa namba yangu."

Mpawenimana alikuwa amenyooka wima.

"Na wewe wanakupigia?"

"Mwaka wa pili huu! Wananiulizia asali. Sasa mimi mwenye duka la kanga!"

"Mimi pia," alisema Mpawenimana polepole. "Kuna mmoja wa Mwanza alipiga mara nne. Mara ya nne nikamkaripia. Nikamwambia, mwanangu, usinichezee, mimi ni mtu mzima, asali sina, nina jina lake tu."

"Wa Mwanza? Mwenye sauti ya mafua?"

"Huyohuyo."

"Ndiye huyu aliyepiga sasa hivi!"

Wakatazamana. Tunu akavua miwani.

"Mpawe," alisema, na hakujua kwamba amelisema. "Wakati unamkaripia yule mtoto wa watu, asali kwako ilikuwepo?"

"Mwaka ule dumu tatu. Mwaka huu tano. Ziko nyuma ya mlango."

"Nyuma ya mlango."

"Ndiyo."

"Na unamwambia huna."

"Yeye aliuliza asali. Mimi nilikuwa nauza jina."

Kulikuwa na mteja aliyekuja kununua zipu. Akasimama mlangoni, akaona bibi wawili wameshikana mabega, mmoja anafuta macho kwa sampuli ya kitambaa, mwingine anapiga goti kwa kofi, hakuna anayeweza kusema. Akadhani kuna msiba. "Poleni," alisema, akaondoka. Hapo ndipo wakazidi kucheka.

"Lakini wewe," Tunu alisema alipopata pumzi, "si ndiye uliyesema tusiweke kitu pale? Mimi nilikuuliza siku ya kwanza, tuandike kwamba asali ipo. Ukanijibu nini?"

Mpawenimana alijifunika uso. Alikumbuka alichojibu, na alikumbuka fahari aliyojibu nayo.

"Nilisema kiwanja cha kuuza hakipandwi muhogo."

"Kwa nini?"

"Mnunuzi ataogopa kulipa fidia ya mazao."

"Fidia ya mazao!" Tunu aliangukia vitambaa. "Ya mtandaoni! Mtu atoke Dar es Salaam aje akulipe fidia ya muhogo ulio ndani ya kompyuta!"

"Cheka," alisema Mpawenimana. "Nimekilinda kiwanja miaka miwili kisiote hata jani. Kila Jumatatu naenda kukagua. Shamsi anafuta kioo, mimi natazama. Nilikuwa namuuliza kama kuna watu wanakatiza kwa miguu."

Kicheko kilipokwisha, Mpawenimana akaona kwamba sasa hana pa kujificha. Akaliweka bakuli kwenye meza, katikati.

"Tunu. Kibondo haikuharibu kitu. Mimi ndiye niliyeiongeza, kwa mdomo wangu, na wewe hukuomba. Halafu nikaitukana mbele ya mgeni. Siku ile ulinishukuru kwa chai, na hata chai yenyewe ilikuwa imepoa. Nimekaa na bakuli lako miezi kumi na mmoja kwa sababu naona haya. Panya wangu ana haya kuliko mimi."

Tunu alifungua kitambaa, akafunua mfuniko, akachovya kidole. Akakilamba kwanza.

"Nilijua ni refu," alisema. "Shamsi alipohesabu herufi, mimi nilihesabu pamoja naye moyoni. Nilijua hakuna mtu atakayelinunua. Lakini ulipogeuka ukaniangalia ukasema 'ongeza na Kibondo', sikutaka kulizuia. Nimezaliwa hapa, mume wangu nimemzika hapa, na sijawahi kuona mtu anauweka mji wangu mahali bila kuombwa. Nikasema moyoni, liwe refu. Kwa hiyo uliposema mji wangu umeliharibu ..."

Mpawenimana alimshika mkono wenye asali, na vidole vyao vikanatana, wakaviacha hivyo.

"Sasa tufanyeje?" aliuliza Tunu baadaye. "Tuliache?"

"Kiwanja kikikosa mnunuzi," alisema Mpawenimana, "mwenye akili analima."

"Na asiye na akili?"

"Naye analima. Ila anachelewa miaka miwili."

Wakampigia Shamsi, wameiweka simu katikati ili wote wasikie.

"Shamsi mwanangu, tunalipia. Tunu anatuma sasa hivi. Na ule mstari wa 'linauzwa', ufute."

"Niandike nini, bibi?"

"Andika: Asali ipo."

Ikasikika sauti ya mtu anayeshusha mzigo. "Alhamdulillahi."

"Kwani ulikuwa unajua?" Tunu aliuliza.

"Bibi Tunu, nilimwambia mwenzako mara tatu."

"Na yeye?"

"Mara zote tatu," alisema Shamsi kwa upole, "alinieleza habari ya muhogo."

Kisha wakampigia yule wa Mwanza. Mpawenimana ndiye aliyezungumza, kwa kuwa ndiye aliyemkaripia.

"Mwanangu, ni bibi yule wa asali. Bado unaitaka?"

Upande wa pili ulikohoa. "Si mlisema mnauza jina?"

"Jina limetushinda kuuza. Tunakupa bure, na asali ununue."

Kijana alicheka mpaka mafua yakamkaba, na alipomaliza akaomba dumu mbili, na akauliza kama zinaweza kupitia Kibondo, kwa sababu ana jamaa pale. Tunu, aliyekuwa ameegemea sikio, akainua kidole kama mwanafunzi aliyepata jibu. Zinaweza, alisema. Zitakuja dukani kwake. Hata kanga zake hazitaogopa. Zimewahi kufunika maharage.

Mpawenimana alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza, tangu Mabamba, Tunu kuitaja ile kanga.

Saa tisa alisimama kwenda kituoni. Tunu alikuwa ameshaingia na kutoka uani mara mbili. Asali ilikuwa imemiminwa kwenye chupa, bakuli limeoshwa, na sasa lilikuwa zito tena, na moto kidogo kwa chini. Mpawenimana hakuhitaji kuuliza. Harufu ya iliki ilikuwa imetangulia. Mfuniko ulikuwa umefungwa kwa kipande cha kanga kuukuu, kimechujuka rangi, na ni macho yake tu yaliyojua kimetoka wapi.

"Tunu, hiki usikikate kwa ajili ya ..."

"Kimeshakatwa. Nenda, gari litakuacha."

Alimsindikiza mpaka kwenye lami, wakitembea polepole kama watu wenye magoti yanayozungumza. Gari liliposimama, Tunu alishika mlango, na konda akaanza kupiga bodi kwa kiganja.

"Bakuli langu hilo," alisema Tunu. "Nalijua. Lina maua tisa, moja limebanduka."

"Nitalituma na dumu za asali."

"Usilitume." Tunu hakuuachia mlango, na konda akaona uso wake, akaacha kupiga bodi. "Lilete wewe mwenyewe. Njoo tena, Mpawe. Njoo hata kama hakuna jina linalokwisha."